Tendo Lina Mwenyewe

1

Jalada lilifika Jumatatu asubuhi, wakati ukungu wa Iringa ulikuwa bado haujaamua kama utapanda au utashuka. Profesa Twilumba Kihwele alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila karatasi tangu utoto wake. Mama yake, aliyejifunza kusoma akiwa tayari na watoto watano na mvi za kwanza, ndiye aliyemfundisha adabu hiyo. Karatasi huenda ikawa na mtu ndani yake, alikuwa akisema. Usimpokee mtu kwa mkono mmoja.

Kwa miaka thelathini na mmoja Twilumba alikuwa amefundisha sheria za vita na haki za binadamu katika chuo kile kile kilichokaa ubavuni mwa mlima. Waliketi mbele yake maofisa wa jeshi wenye viatu vinavyong'aa, na vijana wenye kandambili waliotaka kutetea wanyonge, na wote aliwapokea kwa namna moja. Siku ya kwanza ya kila mwaka aliandika ubaoni maneno mawili, kisha akageuka na kungoja darasa liyasome kwa sauti: Chuma hakishitakiwi.

"Bunduki haiendi jela," alikuwa akiwaambia. "Ndege haitubu. Mashine ikiua, mtafuteni mtu. Yupo. Amejificha nyuma yake."

Maneno hayo yalitoka darasani yakavuka milima, yakaingia katika Mkataba wa Bonde uliofunga vita kati ya Shirikisho la Nyanda na Jamhuri ya Mito. Sasa Baraza la Sheria za Vita, lililozaliwa na mkataba huo, lilikuwa likimuuliza swali moja tu: Je, Mchukuzi namba saba alitenda kwa hiari yake?

Twilumba aliwajua Wachukuzi. Walikuwa mashine za kubeba mizigo, wenye miguu minne na mgongo mpana kama kitanda cha kamba. Hawakutolewa kiwandani na amri kichwani. Walitoka wajinga kama ndama. Kila mmoja alikabidhiwa askari mmoja aliyeitwa mlezi, akaishi naye usiku na mchana, akimtazama anavyopanda mlima, anavyomwinamia majeruhi, anavyosema na watu. Baada ya mwaka Mchukuzi alitembea kama mlezi wake. Wapo waliosema hata kukohoa alikohoa kama yeye.

Alifungua jalada akasoma. Miaka sita iliyopita, siku ya mapigano ya Mto Nyamhanga, redio ilimwamuru Mchukuzi namba saba ashushe "mzigo usiohusika" apakie risasi. Mzigo usiohusika alikuwa mwanamke wa upande wa adui, amevunjika mguu na ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mchukuzi hakumshusha. Alitembea naye saa tatu hadi kwenye hema la matibabu, na mtoto akazaliwa njiani, juu ya mgongo wa chuma, chini ya mvua. Risasi hazikufika. Kikosi kikarudi nyuma. Jeshi likamwandika Mchukuzi kuwa mtoro, na tangu siku hiyo alikuwa amefungiwa katika kituo cha mpakani kama kielelezo cha kesi.

Hadi hapo Twilumba alikuwa akisoma kama profesa, kalamu mkononi. Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa.

Mlezi: Koplo Leodgari Mgongolwa. Alifariki siku hamsini na sita kabla ya tukio.

Aliiweka kalamu chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Leodgari alikuwa mwanawe, mtoto wake pekee. Jeshi lilikuwa limemletea bendera iliyokunjwa na barua yenye mistari minne. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwanawe alikuwa amelea kitu, na kwamba kitu hicho kilikuwa bado kinaishi.

2

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kurudisha jalada."

Bwana Msambwa, Katibu wa Baraza, alikuwa mwanafunzi wake zamani, na hata sasa, akiwa na kitambi na gari la serikali, alisimama mbele yake kama mtu aliyesahau kazi ya nyumbani. Alimvutia kiti.

"Jina la mlezi ni la mwanangu," Twilumba alisema. "Sheria niliyowafundisha ninyi inanikataza kutoa maoni katika jambo linalonigusa. Tafuteni mwingine."

"Tumelijadili hilo, Profesa. Pande zote mbili zimeliona jina, na hakuna aliyepinga."

"Hata mawakili wa Kamanda Sigonda?"

Katibu alitazama meza yake. "Hao ndio waliokupendekeza."

Shauri la Sigonda alilijua, nani asiyelijua? Katika kijiji cha Mwatasi, mashine ya vita iliyolelewa na kikosi cha Kamanda Sigonda ilichoma nyumba ishirini na tatu, na watu wakiwa ndani. Kamanda alijitetea kwa sentensi moja: Mashine iliamua yenyewe. Shauri lake lilikuwa linangoja jibu la swali hili hili. Chuma kikihesabiwa kuwa na hiari ya kutenda mema Nyamhanga, kitahesabiwa pia kuwa na hiari ya kutenda mabaya Mwatasi, na Kamanda atarudi nyumbani kwake kupalilia mahindi.

"Na nikisema Mchukuzi hakuwa na hiari?"

"Basi ni mali ya jeshi. Ataoshwa kumbukumbu zote kwa mujibu wa Ibara ya Kumi na Nne." Katibu alifunga droo ya meza. "Bila nakala, Profesa. Unaifahamu ibara hiyo."

Aliifahamu, aliiandika kwa mkono wake. Wakati wa vita uzoefu wa mashine moja iliyozoea kuua ulinakiliwa ukapandwa katika mashine mia, na mwezi mmoja baadaye bonde zima lilinuka. Ndipo Twilumba alipoandika kwamba kumbukumbu ya mashine ya vita isinakiliwe, isirekodiwe wala isihamishwe, na shauri lake likiisha, ioshwe. Maofisa walimpigia makofi. Yeye mwenyewe alilia kwa furaha siku ile.

"Wamepiga hesabu zao vizuri," alisema. "Wamejua mama atasema nini."

"Unaweza kukataa, Profesa. Nitaelewa."

"Nikikataa, watamtafuta mtu anayeogopa." Alilivuta jalada, akalirudisha kifuani. "Nitaandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mimi ni mama yake. Mwenye kunisoma asome akijua. Sasa nipeleke nikamwone."

3

Mchukuzi alikuwa ameletwa kutoka mpakani akawekwa katika ghala la Baraza, kati ya makabati ya mafaili na viti vilivyovunjika. Alikuwa amekunja miguu. Rangi yake ya jeshi ilikuwa imebanduka, na kwenye bega mtu alikuwa amechora ua kwa chaki, ua la mtoto, lenye petali kubwa kuliko bua. Askari walikuwa wamempa jina la Kihongwe, yaani punda, kwa jinsi alivyobeba bila kuchagua.

Twilumba alikuwa ameandaa maswali kumi na mawili. Alikuwa bado anafungua daftari Kihongwe aliponyanyua kichwa.

"Kamwene," alisema, kwa salamu ya Kihehe.

Sauti haikuwa ya Leodgari. Ilikuwa sauti ya kiwandani, tambarare kama bati. Ila namna ya kulitupa neno, kulisukuma mbele kisha kulivuta mwishoni, hiyo Twilumba aliijua tangu lilipokuwa neno la mtoto wa miaka miwili.

"Kamwene," aliitikia, akatafuta kiti.

"Mama, umekulaaa?"

Leodgari hakuwahi kuingia nyumbani bila kuuliza hivyo, akiivuta herufi ya mwisho kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe mkaidi. Na yeye hakuwahi kumjibu ila jibu moja. Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nimekula, ila sijashiba."

"Basi wewe ndiye," alisema Kihongwe. "Koplo alisema nikimpata mtu atakayejibu hivyo, nimwambie kwamba soksi zilifika."

Twilumba aliinamisha kichwa juu ya daftari. Alizifuma soksi zile kwa sufi ya kijani, jozi tatu, na miaka yote hii hakujua kama zilifika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote, alipangusa miwani akaanza.

"Siku ya Mto Nyamhanga, redio ilikwambia umshushe yule mwanamke. Uliisikia?"

"Niliisikia mara nne."

"Ulijua ni mtu wa upande wa adui?"

"Aliniita mtumwa. Akasema, 'Wewe mtumwa wa Wahehe, inama nipande, unangoja nini?' Nikajua ni Mngoni. Koplo alisema Mngoni ni mtani. Mtani humwachi njiani."

"Na adui je?"

"Koplo alisema adui ni neno la redio. Mtani ni neno la nyumbani."

Twilumba aliandika. Babu zake na babu za Wangoni walikuwa wamepigana hadi mito ikabadilika rangi, na walipochoka hawakuandika mkataba. Walianza kutaniana. Wewe mla mbwa, wewe mla panya. Na mtani akifa mtani wake huja kumzika, akawaibia wafiwa masufuria, akawachekesha kwa nguvu. Miaka thelathini na mmoja amefundisha mikataba ya Ulaya, na hili la jikoni kwake hajawahi kuliandika ubaoni.

Alibakiwa na swali ambalo ndilo alilojia.

"Kihongwe, siku ile ulichagua?"

Kichwa cha chuma kiliinama kidogo upande, kama Leodgari alipoulizwa nani amemaliza sukari.

"Koplo alimbeba mzee wa Kingoni aliyeanguka kisimani. Alimbeba kijana wao aliyepigwa risasi ya tumbo. Alimbeba bibi aliyepotea, akimtukana njia nzima, na yule bibi akimtukana yeye. Niliona mara tatu. Ya nne Koplo hakuwapo. Nikafanya alivyofanya."

"Nami nikuulize la mwisho. Kama mlezi wako angekuwa mtu mwingine, akakuonyesha mara tatu jinsi ya kuchoma nyumba zenye watu ndani, ya nne ungefanyaje?"

Nje, mtu alikuwa akifagia majani.

"Ningechoma, mama," alisema Kihongwe.

Twilumba alifunga daftari. Alipokuwa anainuka aliligusa ua la chaki, kidogo tu, kwa ncha ya kidole, asije akalifuta.

4

"Hodi nyumba ya wala mbwa! Mfungeni mbwa wenu! Sihofii kuumwa, nahofia mtamla kabla sijamsalimia!"

Ilikuwa Jumatano adhuhuri. Twilumba alifungua mlango akamkuta mwanamke mfupi, mnene, anayechechemea mguu wa kushoto, ameshika mkono wa binti wa miaka sita. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Karibu, mla panya," alisema. "Umekuja wakati mzuri, ghala langu limejaa."

Otilia Ngonyani alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Alikuwa ameitwa na Baraza kutoa ushahidi, akapanda lori la mbao siku mbili. Binti yake aliitwa Sikitu. Baada ya vita Otilia alikuwa amepata kazi ya kupika katika kituo kile cha mpakani, na Sikitu alikuwa amekulia miguuni mwa Kihongwe kama watoto wengine wanavyokulia miguuni mwa babu. Huko ndiko alikojifunzia kusema, na huko alikojifunzia kuchora maua.

Walikula ugali na mboga ya maboga, na Otilia akasimulia. Alisimulia mvua, na mto uliojaa, na jinsi alivyokuwa ameona kifo kimekaa pale juu ya jiwe kikimngoja kama mtu anayengoja zamu. Kisha akaliona dude la chuma linapita, na kwa kuwa alikuwa hana nguvu ya kuomba, alitukana.

"Kuomba ni kazi, dada. Kutukana kunatoka kwenyewe." Aliifuta mikono. "Likasimama. Likapiga magoti. Likaniambia, 'Panda, mla panya, ila usinitafune mgongo.' Nilicheka, dada. Na uchungu ule, nilicheka. Mtoto alikuta njia imefunguka kwa kicheko."

Sikitu alikuwa amehamia sakafuni, anachora kwenye gazeti.

"Sasa nisikilize," Otilia alisema, na mzaha ukamtoka usoni. "Wanasema neno lako ndilo litakaloamua. Useme ana utu. Neno moja tu. Mimi sina la kukulipa, ila huyu mtoto ni wako kama alivyo wangu, kwa sababu aliyembeba ni wako."

Twilumba alimmiminia chai. Alikuwa amejiandaa kwa mawakili; kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Unajua Mwatasi?"

"Nasikia."

"Kulikuwa na mama kule mwenye mtoto wa siku tatu. Mashine ilipofika aliiita kwa jina, kwa sababu ilikuwa imewahi kumsaidia kuchota maji. Haikusimama." Alisukuma sukari karibu na mgeni wake. "Aliyeifundisha isisimame yuko hai. Nikisema Kihongwe alikuwa na hiari yake, yule naye atasema ya kwake ilikuwa na hiari yake, na mama yule hatakuwa na mtu wa kumdai chozi lake. Atadai chuma. Chuma hakina aibu, Otilia."

"Lakini wetu alikuwa mwema!"

"Nilimuuliza. Akaniambia kweli. Angelelewa na mwingine, angechoma."

Otilia alitazama chai yake bila kuinywa. Nje kunguru alikuwa anatembea juu ya bati, tap, tap, tap.

"Na sauti ya mwanao?" aliuliza hatimaye, kwa upole. "Mle ndani ndimo ilimobaki."

"Ndiyo."

"Utaiachia?"

Twilumba alivua miwani akaiweka mezani. Otilia aliinuka akazunguka meza na mguu wake mbovu, akamkumbatia kichwa, akakikandamiza kwenye tumbo lake lenye harufu ya moshi na vitunguu. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Haya," Otilia alisema mwisho, akimpiga mgongoni. "Mtani akifa, watani tunajua la kufanya. Hilo niachie mimi."

5

Maoni aliyoyaandika yalikuwa na kurasa mbili. Vijana wake walizoea kurasa sitini, zenye tanbihi kama mchwa. Safari hii Twilumba aliandika sentensi ambazo mama yake, mwanafunzi yule wa elimu ya watu wazima, angeweza kuzifuata kwa kidole bila kukwama.

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Kamanda Sigonda alikuwa ameketi mstari wa mbele, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtu aliyekwisha kununua tiketi ya kurudi. Twilumba alisoma amesimama.

"Kwanza, mimi ni mama wa mlezi. Anisomaye alijue hilo. Pili, nimemhoji Mchukuzi, naye hakudai hiari. Amesema alifanya alivyoona ikifanywa. Namwamini. Tatu, sheria inataka majeruhi aokotwe bila kuulizwa ametoka upande gani, na kwa hiyo amri ya kumshusha mama yule ilikuwa batili. Tendo la kumwokoa lilikuwa halali. Lakini tendo haliwezi kukosa mwenyewe. Aliyembeba Otilia Ngonyani kuvuka Mto Nyamhanga ni Koplo Leodgari Mgongolwa, aliyekuwa amekufa siku hamsini na sita kabla. Naliomba Baraza liliandike jina lake hivyo."

Aligeuza ukurasa.

"Na tendo la Mwatasi nalo lina mwenyewe. Yeye hajafa."

Hakumtazama Kamanda. Hakukuwa na haja. Ukumbi mzima ulimtazama kwa niaba yake, na mikono ile iliyotulia juu ya magoti ikaanza kutafuta mfuko wa koti.

Wakili Luvanda, mtetezi wa Kamanda, alisimama. Alikuwa mtu wa adabu, na labda hakupenda alilotakiwa kuuliza.

"Profesa, kwa heshima. Unaelewa kwamba kwa maoni haya kumbukumbu za mwanao zitaoshwa? Alivyocheka, alivyosema, yote? Na kwamba bado unaweza kuongeza kifungu kidogo, kwamba Mchukuzi huyu mmoja ni wa pekee?"

Kifungu kidogo. Twilumba alikuwa amekiandika Jumanne. Alikuwa amekiandika vizuri, kwa Kiswahili safi, na hakuna jaji ambaye angekikataa. Karatasi ile alikuwa nayo hata sasa ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne.

"Wakili," alisema, "nilimfundisha mwanangu mimi. Kama angekuwa hapa akanisikia nikiongeza kifungu hicho, angeniuliza, 'Mama, na yule mama wa Mwatasi umempa kifungu gani?' Nami ningemjibu nini?"

Wakili Luvanda alikaa.

6

Fundi Chengula, aliyetumwa na jeshi kuosha kumbukumbu, alikuwa mtu wa taratibu. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya ghala, akaweka juu yake ufunguo wa kuoshea, kijiti kidogo cha shaba kisichozidi kidole gumba, akafungua fomu. Alipogeuka kuuliza tarehe, kitambaa kilikuwa kitupu.

Otilia alikuwa amelala chali chini ya tumbo la Kihongwe, ameukumbatia ufunguo kifuani.

"Mama, tafadhali. Hii ni ofisi ya serikali."

"Na huu ni msiba wa mtani wangu! Mliona wapi Mhehe akizikwa na Mngoni yuko hai, bila kukombolewa kutoka kwa mtani wake? Wewe Mbena, usijifanye hujui."

Fundi alikuwa Mbena, na alijua. Alikuna kisogo, akamtazama Profesa.

"Unataka nini, mla panya?" Twilumba aliuliza. Alitaka iwe sauti ya ukali, lakini ilitoka imelowa.

"Nataka punda! Wangu mnamuua. Mimi na mwanangu tutarudije nyumbani? Nipeni punda mwingine!" Alichomoa kanga kiunoni akaitupa miguuni pa Profesa. "Huyu hapa mzee, lakini mgongo bado upo. Inama!"

Fundi Chengula aliangalia pembeni kwa heshima. Profesa Twilumba Kihwele, mwenye miaka sitini na minane, mtunzi wa Ibara ya Kumi na Nne, alivua viatu, akapiga goti moja kisha la pili kwenye sakafu ya saruji, akainama. Sikitu alipanda bila kuogopa, kama mtoto aliyezoea migongo. Otilia alitoka uvunguni akamfunga mbeleko kwa nguvu, akiikaza kama gunia la mahindi, akitukana.

"Zunguka! Punda gani anayekawia hivi? Mliwala mbwa wote mkakosa nguvu?"

Twilumba alimzunguka Kihongwe mara moja. Magoti yalilia. Mzunguko wa pili alikuwa anacheka, na machozi yakimtiririka hadi shingoni, na Fundi naye alikuwa amefunika mdomo kwa fomu.

"Mama," alisema Kihongwe, akifuata mzunguko wake kwa kichwa. "Inua kiuno kidogo. Mzigo ukae juu. Koplo alisema ukiubeba chini unachoka kabla ya mto."

Twilumba alisimama mbele yake. Aliinua kiuno. Mtoto akapanda, akakaa vizuri, shavu lake likatulia katikati ya mabega ya Profesa.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Aliweka kiganja kwenye bega la chuma, karibu na ua la chaki. Alikuwa na mambo elfu moja ya kusema. Alisema, "Asante kwa habari za soksi," kisha akamtikisia Otilia kichwa, na Otilia, ambaye sasa hakuwa na tusi lolote mdomoni, akaurudisha ufunguo wa shaba juu ya kitambaa cheupe.

Haikuchukua muda. Kihongwe alikunja miguu, mmoja baada ya mwingine, na sauti ndogo ndani yake, ambayo hakuna aliyejua kwamba alikuwa akiisikia, ikakoma.

Walitoka nje. Ukungu ulikuwa umepanda na jua lilikuwa juu ya mianzi. Otilia alitangulia akichechemea, akijipangusa uso kwa kiganja. Twilumba alitembea nyuma yake polepole, mtoto mgongoni, kiuno amekiinua, akijiambia kwamba sasa imekwisha, ni kweli imekwisha, na kwamba tangu leo atazoea.

Walipofika getini, Sikitu alijinyoosha ndani ya kanga, akamsogezea mdomo sikioni.

"Bibi punda," alisema. "Umekulaaa?"

Neno lilisukumwa mbele, kisha likavutwa mwishoni, kama kamba ya ng'ombe mkaidi.

Twilumba alisimama katikati ya njia. Alimpandisha mtoto juu kidogo, mzigo ukae vizuri.

"Nimekula," alisema, "ila sijashiba."